UMBALI NAO NI UGONJWA
Afya ya jirani zetu wa ufuko wa Ziwa Nyasa

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unateremka. Tumezoea kuzungumza habari za huku juu kwetu: kikohozi cha majira ya baridi, moshi wa jikoni, minyoo ya watoto. Safari hii tunawaomba mfunge mzigo mdogo, tushuke wote mpaka ziwani.

Wilaya yetu ya Rungwe haina bahari, lakini ufuko si mgeni kwetu. Wazee bado wanakumbuka kwamba Kyela ilikuwa sehemu ya Rungwe mpaka miaka ya 1970. Na hata mji wetu wa Tukuyu una deni kwa ziwa. Wajerumani walipofika nchi hii walijenga boma lao la Langenburg kwenye ukingo wa maji, upande wa Lumbila. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao yakahamia huku kwenye baridi, na Tukuyu wakaiita Neu Langenburg, maana yake Langenburg Mpya. Kwa hiyo mji huu ulizaliwa kwa kuyapa maji kisogo. Sisi leo tunataka kugeuka tuyatazame.

Kutoka Tukuyu, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hadi ukingo wa ziwa usiofika mita 500, msafiri anateremka zaidi ya mita 1,000 kwa saa chache tu za gari. Anaacha chai, migomba na koti. Anakuta mpunga, kakao, michikichi na jua kali. Barabara ya Kikusya, Ipinda hadi Matema, yapata kilometa 39, siku hizi ina lami. Hapo Matema ndipo wengi wetu tunapoishia: tunaoga, tunakula samaki, tunanunua vyungu, tunarudi.

Lakini watu hawaishii hapo. Baada ya Matema, Milima ya Livingstone inasimama ghafla kama ukuta, na miguu yake imo majini. Katika upenyo mwembamba kati ya jiwe na maji wanaishi Wakisi, wavuvi na wafinyanzi. Ikombe ndiyo inayofahamika zaidi. Mbele yake viko vijiji vingine kuelekea Lumbila na Lupingu. Kwa miaka mingi njia yao imekuwa ni mguu au mtumbwi.

Kati ya mlima na maji

Vijiji hivyo vina watu wachache. Nyumba zimejipanga pale palipopatikana kipande cha tambarare, penye mdomo wa kijito au ghuba ndogo, na kati ya kijiji na kijiji ni miamba tu. Hakuna nafasi ya mashamba makubwa wala malisho. Muhogo hupandwa kwenye miteremko ambayo sisi tungeogopa kuisimamia. Chakula cha siku ni ugali wa muhogo na samaki.

Mgeni akitazama nyumba chache na njia ya mbuzi husema upesi, "Watu hawa hawana kitu." Nasi tulikuwa karibu kusema hivyo. Mama mmoja mfinyanzi, mtu mzima mwenye wajukuu, alitukaribisha chini ya mwembe, mikono yake ikiwa bado na udongo. Tulipomwambia tumekuja kuuliza habari za afya, akacheka kidogo.

"Wanangu," akasema, "msituhurumie kwa sababu ya chakula. Samaki tunao. Udongo tunao. Maji yako mlangoni. Sisi tunachopungukiwa ni saa. Ugonjwa unakuja mbio, nasi tunaukimbia kwa kasia."

Maneno hayo tulirudi nayo mpaka Tukuyu, na ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Kama yapo magonjwa ya tumbo na magonjwa ya kifua, basi umbali nao ni ugonjwa. Na kama ugonjwa mwingine wowote, unayo kinga yake.

Mali ya ufuko

Tuanze na mali, maana mama yule alisema kweli. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa katika Afrika, baada ya Viktoria na Tanganyika. Kina chake kinafika mita 700 hivi, na ndani yake mna mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana penginepo duniani. Wapo magege na kambare. Yupo mbasa, ambaye wakati wa mvua huingia mitoni na kupanda kwenda kutaga. Na wapo usipa, wale samaki wadogo ambao wavuvi huwavuta usiku kwa mwanga wa taa.

Akina mama wa Rungwe, usipa ni chakula cha kujenga mwili, tena cha bei nafuu. Kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, humpa mtoto madini ya kujenga mifupa na meno. Mtoto aliyetimiza miezi sita, ambaye mpaka hapo alinyonya maziwa ya mama peke yake, anaweza kuanza kuwekewa katika uji unga wa usipa waliooshwa, wakakaushwa vizuri na kutwangwa laini. Lakini mchague vizuri sokoni. Usipa aliyeanikwa chini hubeba mchanga na uchafu wa ufukoni. Aliyeanikwa juu ya kichanja hukauka upesi na kuwa safi. Akiwa na unyevu, harufu ya kuoza au ukungu, mwache hata kama ni rahisi.

Muhogo nao una elimu yake. Muhogo mchungu una sumu, na watu wa ufuko wanajua kuitoa: humenya, huloweka kwa siku kadhaa, huanika juani, ndipo husaga. Hatari huingia wakati wa njaa, watu wanapofupisha siku za kuloweka ili wapate kula mapema. Sumu hiyo ikiingia mwilini siku nyingi, hasa kwa mtu asiyepata samaki wala maharage, yaweza kumpoozesha miguu asipone tena. Kwa hiyo mtu asikatishe hesabu ya siku, hata kama sufuria iko tupu.

Halafu upo udongo. Vyungu vya Wakisi vinajulikana katika nchi nzima ya Nyanda za Juu Kusini. Wanaovifinyanga ni wanawake. Hukanda udongo, huunda chungu kwa mkono, hukisugua mpaka king'ae, kisha huchoma. Vyungu husafiri kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo hupanda magari kuja Tukuyu na Mbeya. Nyumba nyingi humu Rungwe zinacho kimoja pembeni mwa jiko. Ada ya shule, chumvi, sabuni na dawa za nyumba nyingi za ufukoni hutoka katika udongo huo.

Basi tuseme wazi: hawa si watu wasio na kitu. Wana chakula, wana kazi ya mikono, wana maji. Kinachowaua ni mambo yanayohitaji haraka.

Usiku wa upepo

Mama yule alitusimulia habari ya wifi yake. Ilikuwa katika miezi ya upepo wa kusini, ule uitwao mwera, ambao hulichafua ziwa siku tatu nne mfululizo. Wifi alikuwa na mimba ya kwanza. Uchungu ulianza jioni. Wazee wa nyumba wakasema, "Ni mapema bado, tungoje." Usiku wa manane walipoona mambo hayaendi, wakasema, "Tutoe mtumbwi." Wakatoka nje na taa. Mawimbi yalikuwa yakipiga juu ya mawe, na hakuna aliyethubutu.

Kulipopambazuka wanaume walikata miti miwili, wakafunga blanketi kuwa machela, wakampitisha kwenye njia ya miamba. Walifika hospitali jua likiwa kichwani. Mama alipona. Mtoto hakupona.

"Hatukuwa na ubaya na mtu," mama yule alisema. "Mume alikuwapo, mtumbwi ulikuwapo, hospitali ilikuwapo. Tulichelewa tu."

Wataalamu wa uzazi duniani wamefundisha kwa miaka mingi, tangu 1994, kwamba mama mjamzito hupotea kwa kuchelewa kwa aina tatu. Kwanza, nyumbani kuchelewa kuamua. Pili, njiani kuchelewa kufika. Tatu, hospitalini kuchelewa kuhudumiwa. Nyumba ya wifi yule ilikutwa na mbili za kwanza, na ya kwanza ndiyo iliyozaa ya pili. Saa zile walizongoja jioni ndizo ziwa lilipokuwa bado linapitika.

Ndugu msomaji, usiseme, "Hayo ni ya ufukoni." Ipo migongo ya milima humu Rungwe na Busokelo ambako mvua ikinyesha mfululizo gari halipandi. Sisi ambao mvua yetu hupita milimita 2,000 kwa mwaka tunajua tope ni nini. Mto uliofurika na ziwa lililochafuka ni jambo moja.

Jinsi walivyojitibu

Baada ya msiba ule, wanawake wa kijiji kile hawakungoja mtu wa kuja kuwafundisha. Walikaa, wakapatana hivi: mwanamke mwenye mimba akiingia mwezi wa tisa, anapelekwa Matema kukaa kwa ndugu au kwa mwenyeji, karibu na Hospitali ya Kilutheri iliyopo pale. Na ili asiwe mzigo kwa waliompokea, kila mfinyanzi anatoa chungu kimoja. Vyungu hivyo vinatangulia naye katika mtumbwi, vinauzwa mnadani, na fedha yake ndiyo chakula chake mpaka ajifungue.

Tulipouliza kama wote wanatii, mama alijibu kwa ukweli: "Si wote. Wengine waume zao hukataa, wanasema nani atapika. Sisi humwuliza, 'Na akifa, nani atapika?'"

Tumeona tuyaweke hapa mambo ambayo kila nyumba yenye mama mjamzito, ya ufukoni au ya mlimani, yapasa kuyapanga mapema:

1. Mama ahudhurie kliniki tangu miezi ya mwanzo, na baba aende naye angalau mara moja ili asikie mwenyewe.

2. Ijulikane mapema atajifungulia wapi, atapelekwa na nani, na kwa chombo gani. Wenye mtumbwi, pikipiki au gari waambiwe kabla, si usiku wa uchungu.

3. Fedha ya safari itengwe kidogo kidogo. Isiguswe kwa jambo lingine.

4. Ajulikane mtu wa kuamua kama baba hayupo. Wako akina mama waliopotea kwa sababu mume alikuwa safarini na hakuna aliyethubutu kutoa ruhusa.

5. Kama njia ni ndefu au hupitika kwa shida, mama asogee karibu na hospitali mwanzoni mwa mwezi wa tisa.

Na dalili hizi hazingoji asubuhi: kutokwa na damu wakati wa mimba, au damu nyingi baada ya kujifungua, kichwa kuuma sana pamoja na macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, chupa ya maji kupasuka bila uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni, uchungu kupita saa 12. Ukiona mojawapo, ondoka.

Maji yale yale

Mgeni akilitazama Ziwa Nyasa jinsi lilivyo safi, huinama akanywa. Wenyeji nao wengi hunywa hivyo hivyo. Lakini ufuko ni kisima, bafu na mahali pa kufulia kwa wakati mmoja, na penye upungufu wa vyoo huwa ni choo pia. Kipindupindu kimewahi kuzuka zaidi ya mara moja katika maeneo ya ziwa ya Kyela. Maji angavu si lazima yawe maji salama.

Hapa chungu kinakuwa dawa. Maji yaliyochemshwa, yakihifadhiwa katika chungu chenye mdomo mwembamba na mfuniko, hukaa baridi na safi. Yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu, mikono isiingie ndani. Chungu kioshwe kila kabla ya kujazwa. Choo kichimbwe angalau mita 30 kutoka kisimani au ukingoni mwa maji. Ardhi ikiwa ya mchanga, shimo lijengewe kwa ndani lisiporomoke.

Mtoto akiharisha, asinyimwe maji wala maziwa ya mama. Apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama pakiti haipo: lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Chumvi isizidi. Anyweshwe kidogo kidogo, mara kwa mara, wakati mnajiandaa kwenda zahanati kupata vidonge vya zinki. Kwa nyumba iliyo mbali, maji haya ndiyo yanayomfikisha mtoto akiwa hai.

Ugonjwa mwingine wa maji ni kichocho. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini, mayai huanguliwa, wadudu huingia katika konokono wadogo, kisha hutoka na kutafuta ngozi ya mtu. Hawahitaji kidonda. Dakika chache za kuoga zinatosha. Hupenda maji yaliyotulia penye matete, na hutoka kwa wingi zaidi kuanzia jua linapopanda hadi alasiri. Dalili iliyozoeleka ni mkojo wenye damu. Zamani katika sehemu nyingi watu walidhani kijana akikojoa damu amekua. Hajakua, anaumwa. Kwa wanawake kichocho chaweza kuleta vidonda na maumivu katika sehemu za uzazi, na wengi huona haya wakanyamaza. Wasinyamaze. Dawa ipo, vidonge vya prazikwanteli, vinavyotolewa kwa kufuata uzito au urefu. Lakini vidonge havizuii kuambukizwa tena. Maji ya kuoga yaliyochotwa na kuachwa yatulie siku mbili, pasipo konokono ndani, huwa salama kwa ngozi, maana wadudu hao wanakuwa wamekufa.

Na hapa lipo jambo la kutafakari. Upande wa Malawi, kwenye rasi ya Nankumba, wataalamu waliona kwamba samaki wanaokula konokono walipovuliwa kupita kiasi, kichocho kiliongezeka kwa watu. Samaki hao walikuwa wauguzi wasiolipwa. Ndiyo maana kuvua kwa chandarua cha mbu ni kosa mara mbili. Matundu yake madogo huzoa vifaranga vya samaki, na mtoto wa nyumbani analala bila kinga. Chandarua ni cha kitandani.

Homa inayopanda nasi

Sasa tuseme na nyumba zetu za huku juu. Biashara kati ya mlima na ziwa ni ya siku nyingi: ndizi, viazi na maharage hushuka; mchele, usipa na vyungu hupanda. Vijana wetu hulala huko siku mbili tatu wakingoja mzigo. Wanafunzi huenda matembezi. Na pamoja na mzigo, malaria hupanda.

Mtu aliyekulia kwenye baridi mwili wake haujazoea malaria kama ule wa mwenyeji wa ziwani, hivyo humkamata vikali. Tena haanzi kuumwa siku ile ile. Homa hujitokeza baada ya siku saba au zaidi, aghalabu kati ya wiki moja na nne. Wakati huo ameshasahau safari. Tunamfahamu kijana mmoja aliyerudi na magunia yake ya usipa akiwa mzima kabisa. Siku ya kumi na mbili akaanza kutetemeka. Nyumbani wakasema ni baridi ya Rungwe, wakamfunika mablanketi na kumpa chai ya tangawizi kwa siku tatu. Alipofikishwa hospitali alikuwa hatambui watu. Alipona, lakini kwa shida.

Tazama jinsi umbali unavyojificha. Kijana huyu aliishi karibu na barabara ya lami. Umbali wake haukuwa wa kilometa. Ulikuwa wa kuchelewa kuamua, kama ule wa nyumba ya wifi yetu kule kwenye miamba.

Basi mkumbuke haya. Anayeshuka ziwani alale ndani ya chandarua chenye dawa. Abebe chake kama hana uhakika wa mwenyeji wake. Akipata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo, na amwambie mganga bila kuulizwa: "Nilikuwa ziwani." Akikutwa na malaria, amalize dawa yote ya mseto aliyopewa hata kama amepata nafuu siku ya pili. Asimgawie mwenzake. Mama mjamzito anayeishi au anayekwenda huko apate kliniki vidonge vya kuzuia malaria kuanzia mwezi wa nne wa mimba, na chandarua. Na mtoto mwenye homa anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya, aliyelegea au aliyepata degedege, huyo ni wa kukimbizwa.

Sisi wa juu tunawapelekea nini?

Kiwira, Mbaka na Lufilyo: mito hii yote inatoka katika milima yetu na kuishia Ziwa Nyasa. Tunachokitupa asubuhi, jirani anakichota baadaye. Pampu ya dawa ya kunyunyizia ikioshwa mtoni, sumu inateremka. Choo kikijengwa kwenye ukingo wa kijito, kinateremka. Shamba likilimwa mpaka mdomoni mwa mto, udongo wetu mzuri unateremka. Bandari ya Itungi imesumbuliwa na mchanga kwa miaka mingi. Na mbasa anayepanda mtoni kutaga hukuta tope na nyavu.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zenye kuharibu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Wengi wetu tunaijua, na wengi wetu tuna migomba ndani ya mita hizo. Hatuandiki haya kumlaumu mtu. Tunasema tu kwamba wale wachache walio kati ya mwamba na maji hawana mahali pengine pa kuchota.

Tunamalizia

Tulipoaga, mama yule alitufungia chungu kidogo kwa majani makavu kisipasuke njiani. Tukamwambia, "Ndaga fijo." Akatuuliza kama huko kwetu juu, kwenye magari na hospitali, bado watu wanachelewa. Tulinyamaza kidogo. Kisha tukamjibu kwamba ndiyo, wanachelewa.

Basi leo jioni, mkiisha kula, kaeni kama familia au kama jumuiya, mjiulize maswali haya:

Usiku huu mtu akizidiwa katika nyumba yetu, nani ataamua, nani atambeba, na fedha iko wapi?

Katika jirani zetu, nani ana mimba, na sisi tutamchangia chungu gani?

Maji yanayotoka shambani na chooni kwetu, yanakwenda kwa nani?

Atakayeweza kuyajibu maswali hayo matatu bila kusita, huyo amekwisha kupunguza njia. Kwa wasioweza, bado hapajachelewa. Ziwa limetulia, na mtumbwi upo.